Kuzunguka vilima vya Siena kwa baiskeli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimekulia Lushoto na sasa naishi Siena, mkoani Toscana, katikati ya Italia. Kila mwaka masika ya huku yakikaribia, simu yangu hujaa maswali ya ndugu na marafiki: wa Milano, wa Stuttgart, wa Maskati, wa Nairobi. Wote wanataka kuja kuendesha baiskeli kwenye barabara zisizo na magari, na maswali ni yaleyale. Nimeona bora niyajibu mara moja, hapa.

Kwa nini Siena? Si kuna Mallorca na Girona za Hispania, au Provence ya Ufaransa?

Kuna, na zote ni nzuri. Mallorca wanafurika timu na vikundi vya mazoezi kila machipuko. Provence kuna Mont Ventoux, mlima wa zaidi ya mita 1,900 unaosimama peke yake kama chungu kilichopinduliwa, na ukiupanda kutokea Bédoin ni kilomita 21 za kukanyaga bila kupumzika. Hapa Italia kwenyewe, mkoa wa Marche, ng'ambo ya milima upande wa bahari ya Adriatiki, kuna vilima vifupi vinavyokata pumzi. Huko ndiko Biniam Girmay wa Eritrea alikoshinda hatua, yaani mbio za siku moja, ndani ya Giro d'Italia, mbio za wiki tatu za kuzunguka Italia, mwezi Mei 2022, pale Jesi, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya mojawapo ya zile mbio tatu kubwa za baiskeli: Giro, Tour de France na Vuelta ya Hispania. Kisha jukwaani kizibo cha chupa ya mvinyo kikamruka jichoni, akalazimika kujitoa. Waeritrea wa hapa mjini bado wanasimulia.

Nazungumzia Siena kwa sababu ndiko ninakokujua kona kwa kona. Pia ni kwa sababu hapa barabara tulivu hazijatengwa kwa ajili ya watalii. Ni barabara za kijiji kwenda kijiji, zimebaki tu.

Unaposema "barabara tulivu", una maana gani hasa?

Namaanisha lami ambayo ndani ya nusu saa unapishana na trekta moja, gari la posta na mzee kwenye kigari chake cha Fiat Panda. Siri yake ni hii: magari hukaa bondeni. Zamani mabonde ya huku yalikuwa na vinamasi, homa na majeshi yanayopita, basi watu wakajenga miji juu ya vilima na barabara zao zikafuata migongo ya vilima. Zama za injini zilipofika, barabara kuu zikajengwa bondeni, palipo sawa na pa haraka. Zile za mgongoni zikaachiwa wenyeji.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama barabara ni tulivu, usianze kuitazama yenyewe. Tazama kama chini yake, sambamba nayo, kuna nyingine pana inayokwenda mahali palepale. Kama ipo, ya juu ni yako. Utalipa kwa jasho, maana mlima ndio uliowafukuza wenye magari.

Ramani za simu zinazoonyesha wapi wenzako hupita sana zisikudanganye. Mara nyingi zinaonyesha wanapofanyia mazoezi ya kasi, na hapo ndipo magari yalipo pia. Programu nyingine zitakuingiza kwenye njia ya shamba la mtu, ukajikuta umesimama mbele ya banda la kondoo.

Halafu kuna saa. Kati ya saa saba na saa tisa mchana Italia yote iko mezani. Barabara iliyokuwa na magari saa nne inakuwa kama ya Ijumaa wakati wa swala.

Sijawahi kufika. Nianze na njia ipi?

Anza na Lauretana, yaani barabara ya mkoa namba SP438, kutoka Siena kwenda Asciano. Ni kama kilomita 25 hadi 30, kutegemea umetokea upande gani wa mji. Kilomita chache za kwanza, mpaka Taverne d'Arbia, hazina uzuri wowote: magodauni, mizunguko, malori. Vumilia. Ukivuka tu, barabara inapanda mgongoni na dunia inabadilika.

Eneo hili wanaliita Crete Senesi. "Creta" ni udongo wa mfinyanzi, na kweli ardhi yote ni mfinyanzi wa kijivu uliokuwa sakafu ya bahari mamilioni ya miaka iliyopita. Hakuna miti ya kuzuia macho. Aprili ngano imefunika vilima kwa kijani kinachong'aa. Juni yote ni dhahabu. Septemba, baada ya kulima, inabaki kijivu tupu, mabonge makubwa kama vichwa vya watu. Mimi napenda Septemba, ingawa wageni wengi hukata tamaa wakikuta hakuna kijani cha kwenye picha.

Barabara yenyewe inapanda na kushuka bila kukupa nafasi ya kuzoea. Unashuka kwa kasi, unaona mlima mwingine mbele, unajisemea kasi hii itanifikisha juu, na haikufikishi. Katikati ya mlima baiskeli inasimama karibu kabisa, unatafuta gia nyepesi kwa haraka, cheni inalalamika. Badili gia mapema, ukiwa bado unateremka.

Ukifika Asciano kunywa kahawa. Kisha fuata barabara inayopanda kwenda abasia ya Monte Oliveto Maggiore, kama kilomita 10. Watawa waliianzisha mwaka 1313, na kuta za ua wake wa ndani zimechorwa na Luca Signorelli na Sodoma. Viatu vya baiskeli vyenye chuma vinapiga kelele kwenye sakafu ile. Mimi hutembea kwa soksi. Kutoka hapo unateremka kilomita 9 hivi hadi Buonconvento, ambako kuna kituo cha treni ya kukurudisha Siena. Jumla haifiki kilomita 55. Kwa mgeni ni siku nzima, usidharau.

Na Chianti, nchi ya mvinyo kati ya Siena na Firenze? Ndiko kunakosifiwa.

Kunasifiwa, na wengi wanaosifu huenda huko kwa magari. Barabara ya Chiantigiana, SR222, inayounganisha Firenze na Siena, ni nzuri kwa macho, ila Jumapili asubuhi pikipiki zinapita humo kama nyuki. Mimi huenda upande wa mashariki: Castelnuovo Berardenga, San Gusmè, kisha ngome ya Brolio, halafu Gaiole. Ni msitu wa mialoni, halafu mizabibu, halafu msitu tena. Kuna kivuli, kitu ambacho Crete hakuna kabisa.

Brolio ndiko nyumbani kwa Bettino Ricasoli, waziri mkuu wa pili wa Italia, ambaye mwaka 1872 aliandika barua akieleza mvinyo wa Chianti uchanganywe zabibu zipi. Gaiole nayo ndiko ilikoanzia L'Eroica mwaka 1997: watu 92 walijitokeza na baiskeli za zamani kupita kwenye barabara za vumbi, nia ikiwa kuzinusuru zisitiwe lami. Siku hizi hufanyika Oktoba na huja maelfu, wamevaa jezi za sufi, wakila mkate na mvinyo vituoni. Huna haja ya kusubiri Oktoba. Njia yake ya kilomita 209 imewekewa vibao vya kudumu, na unaweza kukata kipande chochote unachotaka siku yoyote.

Hizo "barabara nyeupe" ni zipi? Zinapitika kwa tairi nyembamba?

"Strade bianche" ni barabara za vumbi, basi. Sisi tuliokulia kwenye barabara za vumbi tunacheka kidogo tukisikia Mzungu analipa nauli ya ndege kuja kuzipanda. Ila za huku zimeshindiliwa vizuri, na juu zina kokoto ndogo nyeupe zilizolegea. Tatizo liko kwenye kona za mteremko: kokoto hujikusanya pembeni, tairi la mbele linapoteza mshiko, unakwenda chini kabla hujasema lolote. Funga breki kabla ya kona, si ndani yake. Ndani ya kona achia.

Tairi za milimita 28 zinapita kukiwa kukavu. Za 32 ni raha zaidi. Usijaze upepo mpaka tairi iwe jiwe. Punguza kidogo ili imeze kokoto. Mvua ikinyesha, achana nazo kabisa, kwa sababu mfinyanzi ukilowa unanasa kwenye tairi na breki mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Mwaka 2010 Giro d'Italia ilipita vumbi la kwenda Montalcino siku ya mvua. Cadel Evans wa Australia alishinda, na wote walifika wakiwa rangi moja, huwezi kujua nani ni wa timu gani.

Kipande maarufu kuliko vyote ni Monte Sante Marie, kilomita 11 na nusu, karibu na Asciano. Hapo ndipo Tadej Pogačar wa Slovenia alipowaacha wenzake mwaka 2024 kwenye mbio za Strade Bianche, zilizopewa jina la barabara hizi, zikiwa zimebaki kilomita 81, akafika peke yake Piazza del Campo, uwanja mkuu wa Siena. Siku za kawaida utakutana na kondoo. Miinuko yake ni mikali, na sioni aibu kusema kwamba mahali pawili mimi hushuka nikasukuma.

Na bonde la Val d'Orcia, kusini mwa Siena, kwenye zile picha za misonobari?

Ni miti ya saipresi. Ndiyo, nenda, lakini kwa akili. Barabara ya SP146 kati ya San Quirico, Pienza na Montepulciano imejaa watu wanaoegesha gari ghafla ili wapige picha. Ipite mapema, kabla ya saa mbili asubuhi. Ukiwa Pienza, teremka uende Monticchiello, kijiji chenye ukuta ambacho tangu 1967 wanakijiji wenyewe huigiza maisha yao uwanjani kila kiangazi. Endelea mpaka La Foce, utaona ile barabara yenye kona na saipresi inayopanda kilima ng'ambo.

Mwenye miguu aendelee kusini hadi Radicofani, na hapa ndipo kanuni yangu ya bonde na mgongo inapoonekana wazi. Barabara ya Cassia ya sasa, SR2, inapita chini na malori yake. Cassia ya zamani iliyopitwa na mahujaji na magari ya farasi ya posta inapanda juu, hadi kijiji kilicho zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, chini ya ngome ya jambazi mashuhuri Ghino di Tacco. Unapanda taratibu kwa muda mrefu, mnara wa ngome uko mbele yako tu na hausogei. Mara ya mwisho nilihesabu magari mpaka juu: manne.

Vilima vyenyewe ni vikali kiasi gani?

Kwa anayeijua, barabara ya Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 na unapanda karibu mita 1,000 kwa mkupuo mmoja. Huku siku ya kilomita 70 inaweza kukupandisha mita hizohizo 1,000 au zaidi, lakini kwa vipande: kilomita mbili juu, moja chini, tatu juu. Mwili unachoka kwa namna nyingine kabisa. Wenye mapafu ya Iten na Eldoret hushangaa wanapoishiwa nguvu saa nane mchana, kwa sababu ya kuanza upya kila mara.

Mwinuko wa asilimia 5 au 6 ni wa kawaida. Asilimia 10, yaani mita 10 juu kwa kila mita 100, utaikuta kila siku walau mara moja, hasa mita za mwisho za kuingia mjini. Siena yenyewe, Via Santa Caterina inafika asilimia 16. Baiskeli ya umeme si dhambi. Wazee wa hapa wanazo, na wanakupita wakikusalimia.

Nikodi baiskeli au nije na yangu? Niangalie nini?

Kodi, isipokuwa una yako unayoipenda sana. Uliza gia: ile kubwa kuliko zote ya nyuma iwe na meno 32 au 34. Uliza tairi. Omba tyubu mbili, pampu na vifaa vya pancha, maana vijijini hakuna fundi baiskeli wa chini ya mwembe mwenye solusheni na kipande cha tyubu kuukuu.

Halafu jambo ambalo hakuna dukani atakayekuambia. Baiskeli nyingi za kwetu, kwa kufuata Waingereza, breki ya mkono wa kulia ndiyo ya mbele. Huku ya mbele mara nyingi ni ya kushoto, ingawa Waitaliano wengine huifunga kulia. Mwaka wangu wa kwanza nilikodi duka moja ambalo silitaji, sikuuliza, nikateremka mlima wa kwanza nikitegemea mkono wa kushoto unipunguze mwendo kwa upole. Ulikuwa wa mbele. Nilitua kwenye mtaro, kiwiko kimechunika, baiskeli imenipanda mgongoni, na mwanamke mmoja aliyekuwa akianua nguo akaniuliza kwa utulivu kabisa kama nataka maji. Jaribu breki zote mbili ukiwa bado mlangoni pa duka.

Mwezi gani mzuri?

Mwisho wa Aprili hadi katikati ya Juni, kisha Septemba na mwanzo wa Oktoba. Julai na Agosti joto hufika nyuzi 35 na zaidi, na Crete hakuna kivuli. Ukilazimika, toka saa kumi na mbili asubuhi uwe umemaliza saa tano. Kuanzia vuli kuna uwindaji. Ukikuta kibao cha "battuta di caccia" au watu wenye jaketi za rangi ya chungwa, wanawinda nguruwe pori. Kaa barabarani, usikate msituni hata kwa haja ndogo.

Sheria zikoje?

Huku tunapita kulia. Utalisahau hilo mara moja tu, kawaida ukitoka kwenye mapumziko ya chakula kwenye barabara tupu. Nje ya miji mnakwenda mmoja nyuma ya mwingine, hata kama mazungumzo ni matamu. Kengele ni lazima. Usiku nje ya mji, na ndani ya handaki, ni taa pamoja na fulana ya kuakisi mwanga. Kofia ngumu si lazima kisheria kwa baiskeli ya kawaida, lakini mimi sitoki bila yangu. Tangu Desemba 2024 sheria inamtaka mwenye gari akupite kwa kuacha mita moja na nusu pale barabara inaporuhusu. Zile barabara pana za njia nne, kama ya Siena–Firenze, haziruhusu baiskeli hata kidogo. Dharura, piga 112.

Mbwa?

Swali zuri, na vitabu vya watalii hulikwepa. Upande wa Crete na Val d'Orcia kuna kondoo wengi, ndiko inakotoka jibini ya pecorino ya Pienza, na kondoo hulindwa na mbwa wakubwa weupe wa Maremma. Hawana mchezo. Wanakuona wewe ni kitu kinachokimbilia mifugo yao. Usijaribu kuwashinda kwa kasi ukiwa unapanda mlima, hutaweza. Shuka, weka baiskeli kati yako na mbwa, ongea kwa sauti ya chini, tembea polepole mpaka utoke kwenye eneo lake. Hawa hawahitaji kukung'ata. Wanataka uondoke tu.

Maji na chakula napata wapi, hasa kama sili nguruwe?

Maji ni bure: kila kijiji kina bomba, mara nyingi uwanjani. Likiandikwa "non potabile", usinywe. Ukikosa, tafuta makaburi, maana kila eneo la makaburi lina bomba la kumwagilia maua. Jua linapochoma mimi huwa sioni haya kuingia. Mara moja mzee aliyekuwa akijaza ndoo yake alisogea, akanisuuzia chupa, akaijaza yeye kabla ya kurudi kwenye kaburi la mkewe.

Maduka ya vijijini hufungwa tangu saa saba mchana hadi saa kumi hivi, basi nunua mapema. Kwa wasiokula nguruwe, sema "senza maiale" na usirudie kwa aibu. Prosciutto, salami na finocchiona zote ni nguruwe. Mkate bapa wa schiacciata kwa kawaida ni wa mafuta ya zeituni, lakini baadhi hutiwa mafuta ya nguruwe, "strutto", hivyo uliza. Salama ni pici all'aglione, tambi nene za mkono kwa nyanya na kitunguu saumu, na pappa al pomodoro, supu nzito ya mkate na nyanya. Mkate wa Toscana hauna chumvi. Si kosa la mwokaji.

Mtu mweusi peke yake kwenye vijiji hivi, hakuna shida?

Utatazamwa. Wengi wanatazama tu, kama tunavyomtazama mgeni kwetu. Sema "buongiorno" wewe kwanza, kila mara, kwa kila mtu. Wazee wa huku wanaijali salamu kama wetu wanavyoijali shikamoo, na mlango wa maneno unafunguka hapo. Beba pasipoti au kibali chako cha kuishi. Sheria inamtaka mgeni avionyeshe polisi wakiomba, na mimi nimeombwa mara mbili katika miaka yote hii, zote mjini, wala si barabarani.

Viza?

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, siku zisizozidi 90 ndani ya 180, na bima ya afya ya walau euro 30,000. Omba mapema, miezi si wiki. Ukiwa na kibali cha kuishi Ujerumani au nchi nyingine ya Schengen, njoo tu.

Nikichoka njiani, treni inachukua baiskeli?

Treni za mkoa zenye alama ya baiskeli zinachukua, na mara nyingi unalipa tiketi ndogo ya ziada ya baiskeli. Zile za kasi hazikubali isipokuwa umeikunja au umeifungua na kuitia kwenye mfuko. Njia ya Buonconvento ina treni chache, kwa hiyo piga picha ratiba asubuhi, usije ukakaa kituoni saa mbili nzima ukitazama paka. Na kumbuka, kituo cha Siena kiko bondeni na mji uko juu. Ukishuka kwenye treni, bado una mlima mmoja.